Pampu haikuwa na kosa: duka la pampu nyuma ya soko la Mwanjelwa, Mbeya

Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma ni mlinzi, mchana ndio usiku wake. Ndiye aliyeniambia, "Mama, pampu yako siku hizi ina kwikwi." Nikaenda kusimama kisimani nisikilize. Kweli. Ukifungua bomba la jikoni ujaze kikombe tu, swichi ya presha inapiga ta!, pampu inawaka, kufumba na kufumbua imezima, ta! imewaka tena. Mshale wa geji unaruka 20, 40, 20, 40, kama waipa ya daladala kwenye mvua ya Uyole. Na LUKU ndiyo ilikuwa inaliwa kuliko kawaida, mimi nikawa nawashuku wapangaji kwa majiko ya umeme. Wanisamehe.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliitazama akiwa amesimama, mikono mfukoni. Akasema pampu imechoka, nitafute laki tatu na themanini. Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi getini.

Kesho yake nikapanda bajaji kutoka Isyesye hadi Mwanjelwa, dukani kwa hawa ninaowasimulia. Kijana wa kaunta akaniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Mama, lile tanki la presha, lile la chuma lililolala chini ya pampu, umeligusa?" Nikasema mimi nilijua ni kiti cha pampu. Hakucheka (alijizuia, nilimwona). Akanielekeza: rudi nyumbani, zima umeme, fungua kifuniko nyuma ya tanki utaona valvu kama ya tairi la gari, bonyeza pini. Ukitoka upepo, ni wa kuongeza tu. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka, nipigie. Hakuniuzia hata nati siku hiyo.

Nikabonyeza kwa msumari. Maji yakanirukia hadi kwenye khanga, na Julai ya Mbeya mnaijua.

Fundi wao aliyekuja akanieleza vizuri, na hapa ndipo nilipowapenda. Ndani ya tanki kuna mpira kama puto, maji yanakaa humo. Nje ya mpira kuna upepo. Maji hayabonyei, upepo ndio unaobonyea, kwa hiyo pampu ikizima ni upepo unaoyasukuma maji mpaka bombani. Mpira ukitoboka, maji yanajaa tanki zima na upepo unakosa pa kukaa. Ukichota kidogo tu presha inaporomoka, pampu inaamshwa. Na mota inakula umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka kuliko ikiwa imeshashika mwendo, ndiyo maana LUKU ililia. Maana yake ningenunua pampu ya laki tatu na themanini nikaifunga juu ya tanki lile lile, nayo ingepata kwikwi hadi iungue.

Nilitaka kubadilisha mpira peke yake, elfu thelathini na tano. Akafungua nati sita za mbele, akauvuta ule wa zamani, ukatoka umechanika, na maji mekundu nyuma yake. Akakwaruza tumbo la tanki kwa bisibisi. Bisibisi ikapita upande wa pili. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, maji hayakupaswa kukigusa. Sikuwa na la kubishana. Tanki jipya la lita 24, laki moja na arobaini, ufundi elfu ishirini na tano.

Kabla ya kuunganisha maji alipima upepo kwa geji ya matairi. Lilikuja na 22, akaupunguza hadi 18. Pampu yangu inawaka presha ikishuka hadi 20, na upepo unatakiwa uwe chini ya hapo kwa namba mbili hivi. Ukizidi, maji yanakatika bombani kidogo kabla pampu haijawaka. Akaniambia niupime kila baada ya miezi sita, pampu imezimwa na bomba limefunguliwa presha yote iishe, maana ukipima tanki likiwa na maji geji inakudanganya.

Sasa lawama zao. Walisema saa tatu asubuhi, wakafika saa sita kasoro, simu haipokelewi. Vipande vya tepu nyeupe niliviokota mwenyewe kwenye matembele yangu. Risiti mpaka niliidai mara mbili. Na jioni ile ile kiungo cha chini kikaanza kudondosha. Hilo walirudi kesho yake bila kulipwa hata nauli, wakakifungua na kukifunga upya, na mpaka leo pakavu.

Jana nilifanya jaribio langu. Ndoo ya lita 10, bomba wazi, sikio kisimani. Maji yakapanda, yakapanda, ndoo inakaribia kujaa ndipo nikasikia ta! moja. Kama lita nane hivi pampu ikiwa imelala.

Ukienda, nenda na picha ya tanki lako na ya maandishi yaliyo kwenye pampu. Jumapili hawafungui.