Kolo, Kondoa: muongozaji anastahili kila shilingi

Wadau wa Dodoma mnaouliza kama Kolo, kule kwenye michoro ya kale ya miambani, inalipa kwenda kutembelea, inalipa sana, ila msiende kama nilivyoenda mimi mara ya kwanza, mbio mbio, picha mbili tatu za michoro halafu huyo nimegeuza. Juzi Jumamosi nimerudi na wanangu wawili, tumetoka mjini alfajiri, lami tupu mpaka Kolo, tukalipia kiingilio ofisi ya mambo ya kale wakatupa muongozaji, kijana wa Kirangi wa hapohapo.

Michoro katuonyesha vizuri, twiga, wale watu warefu wembamba wenye vichwa kama wamevaa mawigi. Lakini kilichonikaa ni alipochuchumaa chini ya mwamba akaokota kijiwe cheupe, kidogo kama ukucha wa dole gumba, akakiinua juani kikawa kama kioo, akamwambia mwanangu pitisha kidole hapa pembeni, pole pole. Kumbe ni zana ya watu wa kale, jamani makali bado yapo! Akatuonyesha na mahali kilipogongwa, pana kauvimbe kadogo, ndiko kanakokuambia mtu alikipasua kwa kusudi. Halafu kigae cha chungu, kina mistari iliyochorwa udongo ukiwa bado mbichi. Vyote akavirudisha palepale. Mdogo alitaka kubeba kimoja, akaambiwa kaka, kikihama hapa hakisemi tena kitu, wachimbaji wa mambo ya kale wanasoma kilikuwa tabaka gani la udongo na kilikuwa jirani na nini.

Ndo akatupa habari ya Kisese, mwamba mwingine walikokaa watu wa kale hukohuko Kondoa, mwanaakiolojia Inskeep alichimba 1956 zikatoka shanga za maganda ya mayai ya mbuni na tabaka za chini zina zaidi ya miaka 40,000. Akaunga na Shum Laka kule Kameruni, nako watu walikaa chini ya mwamba wakipasua vijiwe vidogo vya aina hii tangu kama miaka 30,000 iliyopita, vyungu vikaja baadaye mno, pamoja na mawe makubwa ya mfano wa shoka. Mimi mawe na vyungu vyote nilikuwa naviita vya kale basi, kumbe kati yake kuna maelfu ya miaka.

Njia ya kutoka ofisini kwenda juu ni mbovu, gari ndogo iacheni, na mwisho mnapanda kwa miguu. Bebeni maji, vaeni raba, na mumuombe aanze na vijiwe asubuhi kabla ya michoro, jua likishakuwa utosini kale kauvimbe hakaonekani vizuri.