Kijitabu cha «kupinga mapinduzi»: sura za Ulaya zinafaa, sura ya Kongo iandikwe upya

Kwenye meza za fotokopi zilizo kando ya njia ya kuelekea kampasi ya Kasapa, hapa Lubumbashi, kunauzwa kijitabu chembamba kisicho na jina la mwandishi wala la mchapishaji, ambacho kinaeleza kwa Kiswahili istilahi moja tu ya siasa, yaani kupinga mapinduzi. Nilikinunua kwa franka 6 000, bei ambayo si ya kulalamikia, hasa kwa mwanafunzi aliyezoea kununua silabasi za Kifaransa ambazo nusu yake haisomi.

Kijitabu kinaanza vizuri kwa kutenganisha mambo ambayo mazungumzo yetu huyachanganya. Kudeta, yaani kutwaa madaraka kwa nguvu, humwondoa mkuu wa nchi na huenda isiguse kitu kingine chochote. Upinga-mapinduzi, kwa upande wake, hauwezi kuwapo mahali ambapo mapinduzi hayajatangulia, kwa kuwa shabaha yake ni kuurudisha utaratibu ulioangushwa. Kwa kuwa Kiswahili hutumia «mapinduzi» kwa kitendo cha wanajeshi cha usiku mmoja na pia kwa mageuko ya jamii nzima, msomaji wetu anaihitaji tahadhari hiyo kuliko msomaji wa Kifaransa.

Kutoka hapo mwandishi anakwenda Ufaransa ya mapinduzi ya mwaka 1789, na hapo ndipo alipofanya kazi yake bora. Anamtaja Joseph de Maistre, mtetezi wa ufalme, ambaye mwaka 1797 alidai kwamba kurejeshwa kwa mfalme hakutakuwa mapinduzi ya upande wa pili, bali kinyume cha mapinduzi. Kisha anaipima kauli hiyo kwa yaliyotokea Louis XVIII alipokalia kiti mwaka 1814: mfalme alirudi, lakini mashamba ya Kanisa na ya makabaila waliokimbia nchi, yaliyokwisha kuuzwa, yalibaki mikononi mwa wanunuzi, sheria za kiraia za Napoléon nazo zilibaki, na makabaila wenyewe walisubiri hadi mwaka 1825 ili wapewe fidia ya fedha, si ardhi yao. Ukurasa huo peke yake unamwonyesha msomaji kwamba kuyarudisha mapinduzi nyuma ni jambo moja, na kuyafuta ni jambo lingine, tena bila mahubiri.

Hata hivyo, ukurasa unaofuata unateleza. Mwandishi anasema kwamba wapinga mapinduzi daima ni matajiri waliopoteza mali zao, ilhali mfano mkubwa kuliko yote katika Ufaransa hiyohiyo, ule wa Vendée, eneo la magharibi mwa nchi hiyo, unamkanusha waziwazi. Waliosimama huko mwezi Machi 1793 walikuwa kwa sehemu kubwa wakulima, waliochukizwa na agizo la kuandikisha askari 300 000 nchini kote na waliokuwa tayari na uchungu kwa ajili ya mapadre wao walioondolewa kwa kukataa kiapo cha serikali. Mwandishi anayedai kufafanua istilahi hana ruhusa ya kuwaacha watu hao nje, hata kama wanamharibia nadharia.

Sehemu ya tatu inahusu neno hili lilivyogeuka kuwa shtaka, nayo inasomeka kwa haraka na kwa faida. Cheka, polisi ya siri iliyoundwa Urusi mwezi Desemba 1917, ilibeba vita dhidi ya upinga-mapinduzi ndani ya jina lake rasmi. Kifungu cha 58 cha sheria ya jinai ya Urusi, tangu mwaka 1927, kililifanya kosa hilo kuwa pana kiasi kwamba mtu yeyote aliweza kuingizwa humo. Na China haikuliondoa katika sheria zake hadi mwaka 1997, ilipoweka mahali pake makosa ya kuhatarisha usalama wa taifa. Hungaria imepewa nafasi kubwa zaidi, na inastahili. Yaliyotokea Budapest mwaka 1956, watu walipoinuka dhidi ya utawala wa kikomunisti, yaliitwa upinga-mapinduzi na serikali ya János Kádár kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Januari 1989, Imre Pozsgay, kiongozi wa chama kilekile cha kikomunisti kilichotawala, aliposema redioni kwamba yalikuwa maasi ya umma.

Baada ya sura hiyo nilitarajia makubwa kuhusu kwetu, nikapata kurasa mbili. Kujitenga kwa Katanga mwaka 1960 kunaitwa upinga-mapinduzi kwa sentensi mbili, bila hoja, kana kwamba uhuru wa Juni 30 na mapinduzi ni kitu kimoja. Inawezekana kulitetea dai hilo kwa kutaja Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba ya Katanga, na kuuawa kwa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, lakini inabidi kulitetea, kwa sababu hapa Lubumbashi zipo familia ambazo bado zinabishana mezani kuhusu Tshombe, kiongozi wa kujitenga huko. Kinachoshangaza zaidi ni kilichoachwa. Mobutu alichukua madaraka kwa kudeta mwaka 1965, kisha mwaka 1967 akaunda MPR, chama chenye neno Mapinduzi katika jina lake, ambacho baadaye kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama wake. Mwaka huohuo Laurent-Désiré Kabila aliunda PRP, nacho cha Mapinduzi, kikapigana na jeshi la Mobutu hadi Moba, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1984. Vyama viwili vya mapinduzi vikipigana, mpinga mapinduzi ni yupi? Hakuna swali ambalo lingekifaa kijitabu hiki zaidi, na halimo.

Kuhusu uchapaji, nakala yangu imebanwa kwa pini mbili, moja tayari imelegea, na wino umefifia katika kurasa za katikati hadi mwaka 1825 ukasomeka kama 1826. Muuzaji alikubali kunibadilishia kurasa hizo bila ubishi. Kwa mwanafunzi wa historia au sayansi ya siasa wa mwaka wa kwanza, ninapendekeza akinunue kwa ajili ya sura ya Ufaransa na ile ya Hungaria; mwalimu anayetafuta somo la Kongo atafute kwingine. Kabla ya kulipa, fungua katikati na uangalie kama tarehe zinasomeka.