Mwanza–Bukoba kwa ndege: dakika 31 angani, asubuhi nzima njiani

Nimesafiri Mwanza kwenda Bukoba kwa basi tangu nikiwa mtoto. Mwezi uliopita nikaamua nami nipande pangaboi. Tiketi imeandikwa dakika 45. Kwa mstari ulionyooka juu ya ziwa, viwanja hivi viwili vimeachana kilomita 174 hivi. Barabara inayozunguka kupitia Sengerema, Geita na Muleba inazidi 400. Hesabu tamu, si ndiyo?

Sasa sikieni. Nakaa Nyegezi, stendi ya mabasi naifikia kwa miguu. Uwanja wa ndege uko upande wa pili wa jiji, huko Ilemela. Nikatoka saa kumi na mbili asubuhi, bajaji ikanitoa jasho la nauli, nikapimiwa begi, nikakaa. Ndege ilikuwa ya saa mbili na nusu. Inatokea Dar, na huko Dar ikachelewa. Tulichoambiwa ni "samahani kwa usumbufu", basi. Hakuna hata maji. Tumeruka saa tano kasoro dakika kumi.

Angani lakini, mh! Kaeni kushoto. Mabawa yako juu ya madirisha, kwa hiyo ziwa lote ni lenu: Kome na Maisome kwa mbali, baadaye Bumbire, na mitumbwi kama punje za mchele. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Kihaya ambaye hajakanyaga meli tangu MV Bukoba izame mwaka 1996. Nimefungua biskuti, sijamaliza ya pili, tukatangaziwa kushuka. Bibi akanigeukia: "Mwanangu, mbona tunaambiwa tufunge mikanda tena, si tumefunga sasa hivi?"

Tukishuka Bukoba, ndege inatokea ziwani na maji yanakuja karibu kwelikweli, Musira hapo ubavuni. Ndani kukawa kimya. Nadhani kila mtu alikumbuka Novemba 2022, ndege ilipoangukia ziwani jirani na uwanja huu na watu 19 wakapoteza maisha. Bibi alinishika mkono bila kuomba ruhusa. Magurudumu yalipogusa nikatazama saa: dakika 31. Rubani nampa kumi juu ya kumi.

Uwanja wa Bukoba uko mjini kabisa, hapo ndipo ndege inapolipa. Begi mkononi, bodaboda, na kabla ya saa sita nilikuwa kwa shangazi nasubiri ndizi ziive. Jumla, mlango kwa mlango, karibu saa sita. Basi la alfajiri lingenifikisha saa nane mchana. Nimeokoa saa mbili na ushee, kwa nauli ambayo ingenipeleka na kunirudisha kwa basi, hela ya senene ikabaki.

Ukiwa na mgonjwa, mzee au msiba, panda ndege bila kujiuliza, ila usipange kikao cha asubuhi siku hiyohiyo. Ukiwa unatoka Dar na unaunganisha, hapo usibishane kabisa, ndege. Mimi wa Nyegezi naipa nyota tatu: moja ya rubani, moja ya ziwa, moja ya bibi.

Kurudi nilipanda basi. Zamani pale Busisi tungeshuka kupanga foleni ya kivuko. Safari hii nilizinduka tuko katikati ya daraja, jirani yangu anakoroma.