Ramani ya uhalifu ya Police.uk: uzoefu wangu kama mpangaji Leicester

Ukitafuta nyumba ya kupanga hapa Uingereza una maswali mawili: kodi ni kiasi gani, na mtaa wenyewe ukoje. La kwanza dalali analijibu kabla hujamaliza kuuliza. La pili atakwambia "pametulia sana", na atakwambia hivyo hivyo kwa nyumba inayofuata, na ile ya baada yake. Ndiyo maana nilianza kutumia Police.uk. Baada ya kuhama nimeendelea nayo ili kujua mtaa wetu unaelekea wapi. Wengi kwenye makundi yetu ya WhatsApp wananiuliza inafanyaje kazi, basi haya hapa.

Ni tovuti ya bure, haikutaki ujisajili wala namba ya simu. Unaandika postikodi (msimbo wa posta wa anwani), inakuletea kituo cha mtaa wako, majina ya askari wanaohusika na eneo hilo, vipaumbele vyao, mara nyingine na tarehe za mikutano yao na wakazi. Kisha kuna ramani ya makosa yaliyoandikwa mwezi baada ya mwezi. Ilizinduliwa mwanzoni mwa 2011, na siku ya kwanza watu waliivamia kwa wingi hadi ikazidiwa. Vikosi vyote 43 vya England na Wales vimo, pamoja na Ireland ya Kaskazini na polisi wa reli. Uskoti haimo, kwa hiyo ndugu zangu wa Glasgow hapa hamna chenu.

Sasa nianze na kinachowatisha watu bure. Unafungua ramani unakuta duara lenye namba kubwa limekaa juu ya mtaa unaotaka kuhamia. Shemeji yangu aliliona akanipigia usiku: "Shemeji, huko mnaishije?" Nikamwambia asogeze ramani karibu, duara lipasuke. Likapasuka. Sehemu kubwa ilikuwa imeangukia kwenye supamaketi iliyo kwenye kona, na aina ya kosa ni wizi wa dukani. Huo ni mzigo wa mwenye duka na mlinzi wake, wewe uliyelala mtaa wa nyuma haukugusi. Vivyo hivyo mtaa wenye stesheni, baa za usiku au maegesho makubwa ya magari utaonekana na namba kubwa hata kama wakazi wake wanalala milango wazi.

Pili, kitone si nyumba. Polisi hawaweki kosa mahali lilipotokea hasa, wanalisogeza hadi kwenye nukta iliyokwisha kupangwa, kama katikati ya barabara, bustani au jengo la biashara. Nukta inayohusu makazi lazima izungukwe na anwani zisizopungua nane, ili mtu asijue ni nani aliyeibiwa au kupigwa. Ndiyo sababu kila mstari unasema "kwenye au karibu na" barabara fulani. Nawaheshimu kwa hilo. Ila kuna jirani kwenye kundi letu ambaye kila mwezi anapiga picha ya ramani, anazungushia kitone kwa wino mwekundu na kuuliza, "Nyumba namba ngapi hii?" Hakuna namba, kaka. Haikuwekwa, na haitawekwa.

Kosa lina makundi 14, na hapo ndipo pa kutulia. Mimi naangalia mawili tu kwa bidii: wizi wa kuvunja nyumba na uhalifu wa magari. Hayo ndiyo yanayomgusa mpangaji wa kawaida, na watu huyaripoti kwa sababu bima inadai namba ya kesi kutoka polisi. Takwimu zake basi ziko karibu na ukweli. Wizi wa baiskeli nauamini kidogo tu, maana wengi wakiibiwa baiskeli kuukuu hawajisumbui kupiga 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura. Kundi la "vurugu na makosa ya kijinsia" ndilo linaloongoza kwa kutisha na ndilo gumu zaidi kusoma. Humo wamechanganya mtu aliyechomwa kisu, mke anayepigwa ndani, msukumano wa nje ya baa, hadi jumbe za matusi na vitisho zinazotumwa kwa simu. Ukiona mtaa wa makazi una vurugu nyingi usidhani kuna watu wanavizia vichochoroni. Mengi ya hayo ni ya watu wanaojuana.

Na kama unataka kulinganisha miaka ya nyuma sana, jihadhari. Mwaka 2014 wakaguzi wanaokagua kazi ya vikosi vya polisi waligundua kwamba takriban asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa hayakuandikwa kabisa. Baada ya aibu hiyo vikosi vikaanza kuandika kwa umakini, na namba za vurugu zikapanda nchi nzima. Sehemu ya kupanda huko ni kalamu tu iliyoanza kufanya kazi. Watu wa Greater Manchester nao wana shida yao: kikosi kilibadili mfumo wa kompyuta mwaka 2019, na kuanzia Julai mwaka huo takwimu zake za makosa zikaacha kufika kwenye ramani. Ukikuta eneo la huko ni jeupe, hilo ni pengo la takwimu.

Ramani yenyewe ni nzuri kwa kuchungulia, kwa kufuatilia mwelekeo haitoshi. Inakupa mwezi mmoja mmoja, na mwezi mmoja kwenye mtaa mdogo haukwambii kitu: nyumba mbili zikivunjwa wiki moja, kundi zima linaamini tumevamiwa. Kwa kazi hiyo nenda data.police.uk, ndugu yake. Unachagua kikosi na miezi, unapakua majedwali, unafungua kwenye Excel. Kila mstari una mwezi, aina ya kosa, barabara, hatima ya kesi, na safuwima ya LSOA, yaani vieneo vidogo vya takwimu vyenye watu kati ya 1,000 na 3,000. Hiyo safuwima ndiyo dhahabu. Nachuja vieneo viwili vinavyogusa mtaa wetu, nachukua aina moja ya kosa, nalinganisha Novemba na Novemba iliyopita, si Novemba na Juni. Majira ya baridi giza linaingia saa kumi jioni na wavunjaji wanajua nyumba ipi haina taa.

Nilipofanya hivyo kundi letu lilikuwa linalia kwamba nyumba zinavunjwa kuliko zamani. Jedwali likaonyesha nyumba zimetulia, kilichopanda ni magari. Hapo ndipo jirani mmoja mwenye gari la Toyota la mseto wa petroli na umeme aliposema amekatwa kile kifaa cha kusafisha moshi, na wengine wawili wakakiri yaliwapata hayo hayo wakakaa kimya. Tukaacha kubishana kuhusu makufuli ya milango, tukaanza kuongelea wapi pa kuegesha.

Malalamiko yangu mawili. Takwimu zinachelewa, za mwezi huu utazisoma mwezi ujao ukiisha au baadaye, kwa hiyo tahadhari ya leo usiitafute humo. Na kosa limeandikwa mwezi tu, bila tarehe wala saa, hivyo huwezi kujua wanavunja mchana watu wakiwa kazini au usiku. Cha kuchekesha, faili la watu waliosimamishwa na kupekuliwa njiani lina tarehe na saa, tena na rangi ya mtu kwa maelezo yake mwenyewe na kwa macho ya askari. Sisi watu weusi tulifungue nalo, lina mengi ya kusema kuhusu mtaa kuliko kitone cha wizi.

Safuwima ya hatima itakukera. Kwa wizi wa magari utaona mstari baada ya mstari: uchunguzi umekamilika, mshukiwa hakujulikana. Usilichukue kama sababu ya kutoripoti. Usiporipoti, hata huo mstari hautakuwepo, na askari wa mtaa wakipanga doria watapeleka gari kwa wale waliopiga simu.

Kwa simu ya kawaida ramani inasuasua kidogo, majedwali yanataka kompyuta. Naipa nyota nne kati ya tano. Kama unahama, angalia mwaka mzima, ondoa wizi wa dukani, kisha nenda ukatembee mtaani saa mbili usiku kabla hujatoa hela ya dhamana.