Málaga kwa nauli ya chini: nyota nne na nusu, na treni ya eapoti ndo imebeba

Wadau mnaosaka kijisafari kifupi cha Mediterania bila kukopa, mi naipigia debe Málaga, kusini mwa Uhispania, na sababu yangu kubwa wala sio bahari. Ni treni ya eapoti.

Iko hivi, wengi tukisaka ndege za bei chee tunaangalia ile bei ya kwanza kwenye apu basi. Eapoti ya Girona kwa mfano, watu wanashukia pale kwenda Barcelona lakini mpaka Barcelona yenyewe ni kama kilomita 90, basi linachukua zaidi ya saa nzima na nauli yake kwenda na kurudi ukiijumlisha ule unafuu wote umeyeyuka. Málaga hakuna hayo mambo. Unatoka Terminal 3, hatua chache tu stesheni hii hapa, treni ya C1 inapita kila baada ya dakika 20 hivi na dakika kumi na kitu tu uko Centro-Alameda, katikati ya mji, kwa euro chache mno. Na ukipanda ile inayoelekea upande wa pili inakupitisha Torremolinos mpaka Fuengirola, kwa hiyo hoteli za mjini zikipanda bei unalala huko ufukweni na mjini unakuja kwa treni hiyohiyo. Ila treni hazikeshi jamani, ukikata ndege inayotua usiku wa manane hela uliyookoa inaenda kwa teksi.

Kwa wanaotokea London, ndege inachukua kama masaa matatu kasoro, ila hesabu na kufika eapoti ya Stansted maana tiketi ya treni ya kutoka stesheni ya Liverpool Street mjini ukiinunua palepale siku ya safari inaweza kuzidi ya ndege. Ikate mapema.

Begi nalo. Kampuni ya ndege ya Ryanair wanaruhusu bure kibegi cha sentimita 40 kwa 30 kwa 20, easyJet 45 kwa 36 kwa 20, pima pamoja na magurudumu na mishikio yake. Tena Ryanair tangu Novemba 2025 bodingi pasi ni ya kwenye simu, kwa hiyo chaji simu kabla hujatoka.

Nusu nyota nimeikata kwa sababu ya viti. Kampuni tuliyopanda, siitaji, ilitutenganisha mimi na mwenzangu mmoja mbele mwingine nyuma kabisa huku kuna viti vitupu kibao, mkitaka kukaa pamoja lipeni. Iliniuma kweli.

Sasa hili ndo naliona watu hawaliweki kwenye bajeti: viza. Kama pasipoti yako inahitaji viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uhispania ikiwemo), viza au kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Uhispania, na ada ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu 2024. Kwa safari moja ya wikiendi inauma, kwa hiyo omba ya kuingia mara nyingi, ukiipata hiyo euro 90 unaigawa kwa safari kadhaa.

Muda mzuri kwa mfukoni ni Januari na Februari, mchana unapata nyuzi 17 hivi, unatembea na sweta jepesi, kuogelea sahau maji ni ya baridi. Panga Jumapili iwemo, ngome ya Alcazaba ni bure kuanzia saa nane mchana na Makumbusho ya Picasso ni bure yale masaa mawili ya mwisho (mzee Picasso, yule mchoraji, alizaliwa mji huuhuu 1881). Wiki ya kuelekea Pasaka na ile ya sikukuu yao ya Agosti, Feria, mji unafurika na vyumba vinapaa, kama lazima uende wakati huo basi kata chumba kwanza ndo ukate ndege.