Spitfire ya Tamiya kwenye joto la Dar: uzoefu wangu wa miezi minne

Juzi Jumapili nimeimaliza, na ninaandika wakati vidole bado vinanuka tina. Ni modeli ya plastiki ya kuunganisha ya Spitfire Mk.I, toleo la kwanza la ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Imetengenezwa na kampuni ya Tamiya, uwiano wa 1 kwa 48 (sentimita moja ya modeli ni sentimita 48 za ndege halisi), ile seti iliyochongwa upya na kuingia sokoni mwishoni mwa 2018. Nasisitiza hilo kwa sababu kampuni hiyohiyo ilishatoa Spitfire Mk.I nyingine miaka ya tisini, na bado unaweza kuikuta kwa wauzaji. Ile mpya nambari yake ni 61119. Angalia pembeni ya boksi kabla hujatoa hela.

Hii ni ndege yangu ya nne. Ya kwanza ilikuwa ya kampuni nyingine, seti ya zamani sana niliyopewa na shemeji yangu. Mabawa yake yalikataa kukaa kwenye bodi, nikapiga puti, nikapiga msasa, nikapiga puti tena, mpaka nikasahau kwamba nilikuwa natengeneza ndege. Nilikaa mwaka mzima bila kugusa modeli. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaoanza huku kwetu wanaanza na chochote kilichopatikana, wakishindwa wanajilaumu wenyewe, kumbe plastiki waliyopewa ingemshinda hata fundi mzoefu.

Seti yenyewe ilinifikia ndani ya wiki tatu. Rangi na gundi zikabaki. Muuzaji aliniandikia kwamba vitu vinavyoshika moto haviruhusiwi kwenye mzigo wa ndege, na ana haki, hata mimi nisingependa kukaa juu ya katoni la tina angani. Ikabidi rangi zije kwa meli, kwenye mzigo wa watu wanaokusanya bidhaa Dubai, na hapo nikangoja zaidi ya miezi miwili. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote aliye Dar, Tanga, Mombasa au Unguja: agiza rangi kwanza, seti baadaye. Rangi nilizotumia ni za Tamiya zilezile: XF-81 ya kijani kibichi iliyokolea, XF-52 ya udongo, XF-21 ya tumboni, pamoja na X-22 ambayo ni vanishi ya kung'aa.

Nilipofungua boksi nilikaa kimya kidogo. Mistari ya mabati iliyochorwa kwenye mabawa ni myembamba kama uzi. Plastiki ni ya kijivu, safi, haina mikia inayoning'inia pembeni. Nikaosha fremu zote, yaani vile viunzi vya plastiki vinavyoshikilia vipande, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kiwandani, nikazianika kwenye kitambaa, kesho yake nikaanza.

Kazi inaanza chumba cha rubani, na hapo ndipo utakapokaa usiku mwingi. Rangi ya ndani ya Spitfire ni kijani chenye ujivu. Niliichanganya mwenyewe nikijaribu matone juu ya kipande cha fremu mpaka nikaridhika. Seti inakuja na karatasi ndogo ya chuma chembamba yenye mikanda ya kiti, na mikanda hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Imekatwa kwa ustadi wa ajabu, lakini ukiwa na miaka 46 kama mimi na taa moja ya mezani, unahitaji kioo cha kukuza na kibano kizuri. Kipande kimoja kiliniponyoka kikarukia kwenye mkeka. Nilikitafuta kwa tochi nimelala chini, taa kuu nimezima, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaofanya chuma kimetemete. Nilikipata. Tangu siku hiyo natandika shuka jeupe chini ya meza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio hadi nikaogopa. Bawa la chini ni kipande kimoja kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo mwinuko wa mabawa unajipanga wenyewe, huna cha kupima. Nilibana bodi na mabawa bila gundi, nikashika juu kwenye dirisha kutafuta upenyo. Haukuwepo. Kwenye ndege hii nzima sikutumia puti hata ya ncha ya njiti. Gundi niliyotumia ni ile nyepesi kama maji, ya kifuniko cha kijani: unabana vipande viwili, unagusisha brashi kwenye mstari wa kiungo, gundi inajivuta yenyewe ndani. Kwa joto letu inakauka upesi mno, basi usifungue kichupa ukakiacha wazi unapoongea na simu.

Ikisimama mezani, urefu wa mabawa ni sentimita 23 na ushee, maana ndege halisi ilikuwa na mita 11.23. Umbo lake liko sahihi machoni pangu, hasa ule mviringo wa bawa. Ndege hii ilibuniwa na R. J. Mitchell na timu yake pale Supermarine, ikaruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na Mitchell akafariki mwaka uliofuata kabla haijaingia kikosini. Chini ya mabawa utaona jambo ambalo wajenzi wa haraka hulipita: pande hazifanani. Kulia kuna rejeta kubwa ya pembe nne, kushoto kuna kipozea oili kidogo cha mviringo. Ndivyo Mk.I zilivyokuwa, usidhani umefunga vibaya.

Sasa rangi. Hapa ndipo ninapotaka kusema kwa urefu, kwa sababu maelezo mengi ya kupaka rangi modeli yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi.

Ninapulizia kwa eabrashi, ile bunduki ndogo ya ukubwa wa kalamu, nikiiunganisha na kompresa ndogo. Mwanzoni nilifuata vipimo vya kwenye maelezo, na rangi ikawa inakauka hewani kabla haijagusa plastiki. Uso wa bawa ukawa kama msasa laini. Nikaenda kwa fundi wa kupiga rangi magari mtaani kwetu, mtu mzima ambaye amefanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi, nikamshikia mkononi kipande cha bawa nilichoharibu. Akakigeuza, akapitisha ukucha, akasema, “Mwanangu, hii imefika ikiwa vumbi. Ongeza tina, punguza upepo, sogea karibu.” Akaniambia mchanganyiko uteleze ukutani mwa kikombe kama maziwa. Akanipa na chupa ndogo ya tina inayokauka taratibu, ile wanayotumia wao siku za joto kali.

Tahadhari: tina ya gereji inayeyusha plastiki hii ukiimwaga. Ndani ya rangi, ukipulizia mikono myepesi, haina shida, ila jaribu kwanza juu ya fremu. Dawa ya kufutia rangi ya kucha usiikaribishe kabisa mezani.

Somo la pili lilikuwa gumu zaidi. Nilipulizia vanishi ya kung'aa siku ya mvua, mwezi wa nne, saa moja asubuhi kabla ya kwenda kazini. Dakika kumi baadaye ndege nzima ilikuwa na ukungu mweupe kama kioo cha gari lililolala nje. Moyo ulishuka. Fundi aliponiona narudi alijua kabla sijafungua boksi. Tina inaporuka upesi huupoza uso wa rangi, na hewa ikiwa na unyevu, mvuke wa hewani hugeuka maji pale pale na kunaswa ndani ya vanishi. Dawa yake ilikuwa kungoja siku kavu, kisha kupulizia tina ileile ya taratibu peke yake, ukungu mwepesi tu, ili vanishi ilainike na kuachia unyevu. Nikafanya hivyo Jumamosi saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Nikaona weupe unayeyuka mbele ya macho yangu, kijani na udongo vikirudi. Nilimpigia fundi simu papo hapo.

Tangu hapo nina utaratibu. Sipulizii kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya magharibi. Kwenye mpira wa kompresa nimefunga kichupa cha kukamata maji, na kila nikimaliza namwaga yaliyojikusanya. Msimu wa masika nafanya kazi za gundi na vyumba vya marubani, kupulizia nasubiri kipupwe.

Upande wa chini nilipaka ile rangi iitwayo Sky, kijani kilichopauka kinachofanana na maji ya bahari pale mchanga unapoonekana chini. Ilianza kutumika tumboni mwa ndege za kivita za Uingereza Juni 1940. Kabla ya hapo bawa moja lilikuwa jeusi na jingine jeupe upande wa chini, ili walio ardhini wazitambue ndege zao. Nilitaka ndege ya kiangazi cha 1940, basi Sky. Mabaka ya juu nilitenganisha kwa vikamba vya gundi laini ya ukutani, ile inayofinyangika ya kubandikia picha, vilivyosokotwa mfano wa minyoo, halafu karatasi. Tepu ya gereji inashika sana na inaweza kung'oa rangi, hivyo naibandika kwanza kwenye ngozi ya mkono mara mbili tatu ili ipoteze makali.

Stika zinalowekwa kwenye maji, zinateleza kutoka kwenye karatasi yake na kukaa juu ya vanishi. Uso lazima ung'ae kwanza. Ukibandika juu ya rangi kavu isiyong'aa, hewa inanasa chini na unapata utandu wa fedha. Zima pangaboi. Stika moja ya bawa, ile alama ya duara ya jeshi la anga la Uingereza, ilijikunja ikawa kama sigara kwa sababu ya upepo wa feni, na nilitumia nusu saa kuikunjua ndani ya kisahani cha maji kwa brashi. Dawa ya kulainishia stika ilifanya mistari ya bati ionekane kupitia alama, kana kwamba zimepakwa.

Kuzeesha, yaani kuipa ndege sura ya kuchakaa, nilijizuia. Spitfire za wakati ule hazikukaa muda mrefu bila kupotea au kutengenezwa, sioni sababu ya kuzipaka kutu. Nilitia michubuko ya fedha kidogo kwenye shina la bawa la kushoto, rubani anapopandia, kwa kipande cha sponji. Masizi ya ekzosi niliyafanya kwa makaa ya jikoni. Nilisaga kipande kwenye kinu kidogo, nikachuja kwa soksi ya nailoni, nikapaka kwa brashi kavu kutoka kwenye mabomba kurudi nyuma. Ni weusi wenye ukijivu, laini, na kwangu umependeza kuliko unga wa dukani niliotumia kwenye ndege ya tatu. Bunduki nane za mabawani zilifunikwa matundu yake kwa vitambaa vyekundu ili zisiingie baridi na uchafu. Vipande hivyo vimo kwenye karatasi ya stika.

Kioo cha rubani nilikibandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya papo kwa papo hutoa mvuke unaotia ukungu kwenye plastiki angavu, na kwa seti ambayo chumba chake kimekula usiku wangu mwingi, nisingethubutu. Seti inakuruhusu kufunga au kuacha wazi. Niliacha wazi pamoja na mlango mdogo wa pembeni, mikanda ionekane.

Je, naipendekeza? Kwa moyo wote, na hasa kwa mtu aliye mbali na maduka ya modeli. Usafiri ulikaribia nusu ya bei ya seti, sitaficha, na kwa hela hiyo ungepata seti mbili za bei rahisi za uwiano wa 1 kwa 72. Lakini hapa pwani nguvu zako zote zitaliwa na rangi, joto na unyevu. Huhitaji kupigana pia na mabawa yasiyokaa. Hii inajifunga vizuri kiasi kwamba ukifika kwenye rangi bado una hamu. Kwa mtoto chini ya miaka kumi na miwili ningetafuta kitu chenye vipande vichache, maana mikanda ile ya chuma itamkatisha tamaa.

Inayofuata nimeshaamua: Catalina, ile ndege kubwa ya majini. Mwaka 1943 kikosi nambari 259 cha jeshi la anga la Uingereza kilizirusha Catalina zake kutoka Kipevu, Mombasa, kisha kikahamia hapa Dar es Salaam, zikisaka nyambizi Bahari ya Hindi. Mabawa yake kwa 1 kwa 72 yanakaribia nusu mita, na sijui nitaiweka wapi, lakini rangi zake ziko njiani kwa meli tayari.

Kilichobaki kwenye Spitfire kilikuwa waya wa antena, kutoka kwenye mlingoti nyuma ya rubani hadi juu ya usukani wa mkia. Sikununua uzi. Nilichukua kipande cha fremu ya seti yenyewe, nikakizungusha juu ya mshumaa mpaka kikalegea, nikakivuta taratibu kwa mikono miwili. Kilitoka chembamba kuliko unywele. Niliurudia mara sita kabla ya kupata ulionyooka, nikautia tone la gundi kila mwisho, halafu nikausogezea ncha ya kijiti cha ubani kinachowaka, mbali kidogo, ukakaza wenyewe.