Semina ya Msamaha: Asubuhi Nzuri, Mchana wa Mashaka

Semina ya msamaha niliyohudhuria Jumamosi katika usharika mmoja jijini Dodoma inatoza shilingi 30,000, na katika ada hiyo mshiriki anapata chai ya saa nne, chakula cha mchana na kijitabu cha mazoezi. Ukumbi ulikuwa safi, vipaza sauti vilisikika vizuri, na wali kwa maharage haukuwa na la kulalamikiwa.

Kipindi cha asubuhi peke yake kilistahili ada yote. Mchungaji hakuanza na ile amri ya Yesu ya kusamehe "saba mara sabini" ambayo tumeizoea hadi haituchomi tena, bali alitupeleka Mwanzo 42 hadi 45 na kutusomea habari za Yusufu bila haraka. Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake kwa vipande ishirini vya fedha, hakujitambulisha mara walipofika Misri kununua nafaka. Alimfunga Simeoni, akadai Benyamini aletwe, kisha akaagiza kikombe chake kifichwe katika gunia la Benyamini, na ni pale Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumuuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya mdogo wake ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia akalia. Kuachilia kisasi, alitueleza mchungaji, ni kazi ya aliyekosewa, lakini kuaminiwa tena kunategemea mkosaji amebadilika kiasi gani.

Zoezi lililofuata lilikuwa dhaifu. Tuliandika majina ya waliotuumiza kwenye vikaratasi na kuvitia katika jiko la mkaa nje ya ukumbi, huku kijana wa itifaki akituhimiza tuharakishe kwa kuwa chakula kinapoa.

Mchana, katika maswali, mama mmoja aliuliza: "Mchungaji, nikishamsamehe mume wangu anayenipiga, nirudi nyumbani?" Akajibiwa: "Mama, upendo huvumilia yote," na kipaza sauti kikapelekwa kwa mwingine. Jibu hilo lilipingana na somo la asubuhi, kwa maana hakuna aliyeuliza kama mume huyo ameonyesha dalili yoyote ya kubadilika kama Yuda. Zaidi ya hapo, Warumi 12:19 inayomwachia Mungu kisasi inafuatwa na sura ya 13, ambayo aya yake ya nne inamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu dhidi ya mtenda mabaya. Kwa hiyo mke anayefika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi na kuomba PF3, fomu ya polisi ya matibabu kwa aliyejeruhiwa, hajalipiza kisasi wala hajavunja msamaha wake. Semina inayozungumzia maumivu ya nyumbani ilipaswa kulisema hilo waziwazi, na kuwa na mshauri mwanamke wa kumsikiliza mama kama huyo faraghani.

Kijitabu chenyewe ni kizuri, hasa kurasa zinazofuata hatua za Mathayo 18:15-17: kwanza wewe na aliyekukosea peke yenu, kisha mtu mmoja au wawili, kisha kanisa. Mwenye ugomvi wa mirathi, deni la kikoba au maneno ya uchonganishi katika kwaya atafaidika nacho, na ningemshauri ajiandikishe. Anayepigwa ningemshauri apate kwanza mahali salama na msaada wa kisheria, na akija semina, aje kwa kipindi cha asubuhi.